Joho la Mpangaji

Mpangaji wangu alikuwa na mdomo mchafu. Nalisema hili mapema, maana tangu aondoke watu wameanza kumpamba, na mimi sipendi mtu apambwe kwa uongo. Tuliishi ua mmoja huku Rosettenville, Johannesburg, yeye chumba cha nyuma, mimi nyumba ya mbele nikiuza vitumbua na sambusa dirishani, na sikumbuki asubuhi hata moja aliyokunywa chai yangu bila kunikera. Akitafuna kitumbua atasema watu wa Tanga tulifundishwa kupika na Wajerumani. Nikivaa dera jipya ataniuliza hema hilo nimepewa na wakimbizi gani. Jirani yetu mmoja alipofariki, mpangaji alikwenda kutoa pole, akamwambia mjane, "Sasa utalala, mama. Alikuwa akikoroma mpaka kwangu nasikia." Mjane alicheka kwa nguvu mbele ya waombolezaji, kisha akalia zaidi kwa aibu ya kucheka.

Alikuwa Mngazija, wa kile kisiwa kikubwa cha Komoro. Kiswahili chake alikiokota Unguja na Dar es Salaam wakati wa kuhangaika, na alikisema vizuri, ila akikasirika maneno ya kwao yalikuwa yakimponyoka. Ijumaa alikuwa anasimama Fordsburg nje ya msikiti na kisanduku cha manukato, vichupa vidogo vya mafuta ya udi, waridi na langilangi. Udi na waridi aliviuza kama wauzaji wengine. Langilangi aliiuza kwa hotuba.

"Nusa," atamwambia mteja. "Vizuri, eh? Hiyo ndiyo iliyotutia adabu. Mfaransa alikuja akawakuta masultani wetu wanagombana, kila mmoja na kakijiji kake na taji lake. Akawaambia nyie endeleeni, mimi nitawashikia ardhi. Walipomaliza kugombana ardhi yote ilikuwa ya kampuni, na kampuni imepanda maua. Mama yangu alikuwa akiyachuma alfajiri kabla jua halijayafungua. Alinukia kuliko wanawake wote wa Paris, na hakuwa na viatu."

Mteja akidhani kwa hadithi hiyo atapunguziwa bei, amekosea mlango. Mpangaji hakumpunguzia mtu. Mwenyewe hakujipaka langilangi hata siku moja. Alinuka sabuni ya kufulia.

Nchi yake aliisimulia kwa namna hiyo, kwa dhihaka, na sijapata kumsikia mtu akiitukana nchi yake kwa mapenzi kiasi kile. Kwamba walipotaka uhuru walipiga kura, visiwa vitatu vikasema Mfaransa aende, cha nne kikasema abaki, naye Mfaransa akaamua kuhesabu kisiwa kwa kisiwa, akafungasha virago vyake na kuvihamishia cha nne. Mpaka leo watu wa vile vitatu wanazama baharini kila siku wakijaribu kwenda kutawaliwa. Kwamba walipoupata huo uhuru haukumaliza mwezi, serikali ikapinduliwa. Kwamba miaka mingine kisiwa kingine tena kilijitenga, kikamwomba Mfaransa arudi, na Mfaransa akasema hapana, ahsante. "Umewahi kusikia?" ataniuliza. "Mtumwa ameomba minyororo, bwana amemwambia imekwisha." Halafu anacheka. Kicheko chake kilikuwa kibaya, kikavu, cha kutokea puani.

Mwaka 2015, maduka ya wageni yalipovunjwa mjini na Soweto, sisi wa mtaani tulifunga milango tukawa tunaongea kwa kunong'ona. Msomali mwenye spaza, kile kiduka cha kona, alikuja kujificha uani kwangu na mfuko wa kadi za simu. Mpangaji alibaki amekaa getini kwenye ndoo iliyopinduliwa, anachambua dengu. Nikamwambia, "Mzee, ingia ndani, watakuua."

"Hawa?" akasema. "Wangazija tumefukuzwa Majunga kule Madagaska, watu wamechinjwa. Unguja tumenyang'anywa uraia. Sisi tumefukuzwa na mafundi, mwenye nyumba. Hawa bado wanajifunza."

Msomali hakucheka. Mimi pia sikucheka, ila niliacha kutetemeka.

Jambo ambalo sikulielewa kwa miaka ni adabu yake kwa mzee mmoja wa Kizungu, wa nyumba ya kona karibu na robot, yaani taa za barabarani, aliyekuwa akija kununua sambusa. Siku ya kwanza Mzungu huyo aliposikia mpangaji anatoka Komoro aliinua mikono kwa furaha. Alisema amekaa huko akiwa kijana, pwani nzuri, samaki wakubwa. Alikuwa akiwafundisha askari wa ikulu. Wakati ule, na huu si uzushi, serikali ya makaburu ya hapa ndiyo iliyokuwa ikiwalipa mamluki wa Kizungu walioishika ile nchi mkononi, na huyu alikuwa mmojawapo. Nilidhani mpangaji atamvua nguo kwa maneno. Wapi! Alimpangusia kiti. Akamtengenezea redio. Wakawa wanacheza drafti kwenye kibaraza changu Jumamosi, Mzungu anashindwa, anakasirika, anarudi.

Nikamwuliza, "Mzee, watu kama yule si ndio waliowapiga?"

"Ndio hao."

"Na unampa chai yangu?"

"Yule alilipwa kunipiga," akasema. "Wenzangu wananipiga bure."

Wenzake ni Wangazija wa hapa Johannesburg. Walikuwa na jumuiya yao, wanakutana, wanazikana, akifa mtu wanachanga mwili urudi nyumbani. Mwenyekiti wao alikuwa mtu wa makamo ya mwanangu wa kwanza, mwenye duka la simu mjini, mpole, mcheshi, hakosi mazishi. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa akimwita mpangaji wangu, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, "kijana."

"Kijana, sogeza viti." Na mpangaji, yule yule aliyemwambia mjane mambo ya kukoroma, anainuka na kusogeza viti.

Mara ya kwanza kuliona hilo nilidhani ni utani wa kwao. Nikamsubiri nyumbani, nikamwuliza mbona hakumjibu. Akasema, "Nimjibu kwa mdomo gani?" Ndipo akanieleza.

Ngazija mtu hawi mtu kwa umri. Hawi mtu kwa elimu, wala kwa kuoa na kuzaa. Anakuwa mtu kwa ndoa kuu. Hiyo ni arusi ambayo mwanamume huitafutia mali nusu ya umri wake, dhahabu ya mke, ng'ombe wa kulisha mji mzima, karamu juu ya karamu. Akishaifanya, anavaa joho, anakaa safu ya mbele msikitini na barazani, na akisimama kusema watu wananyamaza. Ambaye hajaifanya ni mtoto. Awe na miaka themanini, awe daktari, ni mtoto. Hukaa nyuma, hutumwa maji, na neno lake halihesabiwi. Mwenyekiti alikuwa ameifanya kwa fedha za simu. Mpangaji hakuifanya.

"Na sikuifanya kwa sababu niliipiga marufuku," akasema, akacheka kile kicheko.

Hadithi hii aliipenda kuliko zote na aliirudia kila alipopata msikilizaji mpya. Baada ya uhuru akaja rais kijana, mwenye hasira na kila kitu cha zamani. Aliwarudisha makarani nyumbani, akachoma makaratasi yote ya serikali, akawapa wanafunzi wa shule madaraka ya kuendesha vijiji. Akaikataza ndoa kuu, kwamba inawafilisi watu. Mpangaji alikuwa mmoja wa wanafunzi hao, kidevu hakijaota nywele, na bunduki begani. Siku moja wakapata habari mji wao umefanya ndoa kwa siri. Wakaingia. Wazee wamekaa safu ya mbele na majoho yao, na aliyekaa katikati, mkubwa wa wote, ni mjomba wake mpangaji, kaka wa mama, aliyemlea. Kule mjomba ndiye mwenye mtoto, baba ni mgeni tu.

"Wenzangu wote walimwogopa," alisimulia. "Mimi nikamwendea, nikamvua joho kwa mikono yangu. Zuri, jeusi, uzi wa dhahabu. Nikamwambia, mjomba, uwanja mchafu, fagia. Akasema hana ufagio. Nikamtupia joho. Akafagia uwanja mzima kwa joho lake, ameinama, na mji unatazama."

Hapo alikuwa akicheka, na msikilizaji naye anacheka kidogo kwa kutojua afanye nini, na hadithi inaishia hapo. Mimi nilimwambia waziwazi kwamba hadithi hiyo inanichukiza. Akasema nichukie tu, mradi nimeisikiliza. Yaliyofuata baada ya pale hakuyasimulia. Tulichojua ni kile anachokijua kila mtu, kwamba mamluki walishuka kutoka baharini alfajiri, rais kijana akauawa, na kila joho likarudi begani pake.

Alikuwa na binti mmoja, aliyemzaa na mwanamke wa Soweto waliyeachana zamani. Binti alikulia kwa mama yake. Kiswahili alikisikia, akikisema kinamtoka vipande vipande, lakini alikuwa mkunjufu na baba yake alimpenda kwa namna yake, yaani hakumtukana. Mwaka 2018 akachumbiwa na Mngazija wa hapa hapa, mwenzake Mwenyekiti katika biashara ya simu. Arusi itafanyika Johannesburg, lakini kwa taratibu zote za kwao, safu kwa safu, wazee na majoho. Kwenye nikaha, kufunga ndoa yenyewe, mpangaji ndiye walii wa kumwoza binti, hilo ni la dini na hakuna wa kumnyima. Ukumbini ndiko kwenye maneno. Mbele ya safu atasimama msemaji wa upande wa bibi arusi, na jumuiya ilishaamua ni nani: Mwenyekiti.

Binti alikuja mwenyewe kumwambia baba yake. Nilikuwa nakaanga, nawasikia.

"Baba, wale wazee watakaa mbele. Wewe ukae na vijana pale nyuma, sharp? Nataka siku yangu iwe nzuri tu. Hakuna maneno."

"Sawa, mwanangu."

"Please, Baba. Usiniaibishe."

"Nimesema sawa."

Alipoondoka, mpangaji alikuja dirishani kwangu akasimama, hakuomba chai. Akasema, "Mwenye nyumba, nitazungumza."

"Utazungumza wapi?"

"Mbele. Kuna desturi moja tu ya wale wapumbavu inayonifaa. Mwenye joho akisimama akianza kuzisalimu safu, hakatizwi hata ukumbi uwake moto. Nikishafungua mdomo wamekwisha."

"Na joho utalitoa wapi?"

"Joho ni kitambaa," akasema.

Nikamwuliza ni kitu gani hasa anachotaka kusema, kwamba kama ni matusi mbele ya wakwe za mwanawe basi mimi mwenyewe nitamfungia chumbani siku hiyo. Akasema si matusi. Nilipozidi kumdadisi akaniambia nitazame sambusa, zinaungua. Kweli zilikuwa zinaungua.

Wiki ile ile nikakutana na fundi cherehani wa mtaa wetu, Mkongo wa Bukavu, tunamwita Papa. Akanivuta pembeni.

"Mama, ule muzee yako alikuya kwangu. Anataka nimushonee joho, ya weusi, na or, zahabu, hapa kwa shingo."

"Najua, Papa."

"Lakini alinipatia mesure, kipimo ya mutu mrefu sana. Miye nikamuambia, Muzee, hii itakukokota chini. Akasema shona tu. Nikauliza, ni ya nani? Akasema, ya mutu alishakufa. Eh, mama, miye siko na mizaa na wafu."

Nikamtuliza Papa, nikamwambia mzee ana utani mbaya. Joho akalishona, na kazi ya Papa haina doa.

Arusi ilikuwa Mayfair, ukumbi wa kukodi. Wanawake tulikaa upande wetu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeleta sinia za vitafunio nilikuwa naingia na kutoka, naona pande zote. Mbele wamekaa wazee wa jumuiya, wengi wao wadogo kwangu, wamenyooka ndani ya majoho. Nyuma vijana wanacheka na simu zao. Bibi arusi jukwaani na dhahabu kichwani, kifuani, mikononi, amependeza mpaka nikasahau kumchukia baba yake kwa usumbufu anaotaka kuuleta. Kiti cha mpangaji kule nyuma kitupu. Nikaanza kumwomba Mungu, huyu mzee awe amekata tamaa.

Akaingia wazee wameshatulia. Joho lilikuwa refu mno, linaburuta nyuma yake, na mikono imefunika vidole. Alitembea polepole asilikanyage. Akasimama mbele ya safu ya kwanza, akaanza kusalimu kwa lugha ya kwao, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Hakukuwa na kejeli ndani yake hata chembe. Mwanamke wa Kingazija aliyekaa karibu nami akanong'ona, "Anajua kuzitaja safu," na machozi yalikuwa yanamlenga.

Mwenyekiti hakumkatiza. Alikaa ametulia, mikono magotini, mpaka salamu zikaisha. Nikaona uso wa mpangaji unafunguka, kwamba ameweza. Akavuta pumzi aseme.

"Salamu zako tumeziitikia," Mwenyekiti akasema kwa upole kabisa. "Ng'ombe wako waliliwa mji gani?"

Hilo ndilo mpangaji hakulijua. Huyo mama wa pembeni yangu alinifafanulia baadaye. Baada ya salamu na kabla ya neno la kwanza, mzee yeyote wa mbele anaweza kumwuliza msemaji, kama ana shaka naye, arusi yake ililiwa wapi na nani shahidi wake. Wote wa mbele wanaijua sehemu hiyo. Lakini salamu zikikaribia kwisha vijana wa nyuma hutolewa nje wakalete maji, na wanaporudi msemaji ameshaanza. Mpangaji alikuwa amekaa nyuma maisha yake yote. Alikuwa hajaisikia hata mara moja.

Yule aliyekuwa na jibu kwa Wafaransa, kwa mamluki, kwa watu wenye mapanga mitaani, hakuwa na jibu.

"Tunauliza tu," Mwenyekiti akasema. "Mji gani? Nani alisimama upande wako?"

Huko nyuma, maana siku ile hakuna aliyewahi kuwatoa vijana, mtu mmoja akacheka, na wengine wakafuata. Sikuwahi kuusikia ukumbi ukicheka vile kwenye arusi. Mimi nilikuwa na sinia mkononi na nilitamani kumpiga nayo Mwenyekiti, ila hata yeye hakuwa anacheka.

Aliyeinuka ni binti. Aliteremka jukwaani na dhahabu zake zinalia, akaja mpaka kwa baba yake, akamwambia, "Njoo, Baba. It's okay, njoo." Na kwa mikono yake, taratibu, akamvua joho. Nina hakika alidhani anamsaidia. Alilikunja vizuri, pindo juu ya pindo, akatazama huku na huku, akaniona, akaniletea mimi. Mpangaji alibaki na kanzu yake ya kila siku, kola imechanika kidogo. Akaenda nyuma. Msichana wa watu akarudi jukwaani na picha zikaendelea kupigwa.

Baadaye kidogo Mwenyekiti akainua mkono bila kugeuka, kama alivyozoea. "Kijana, maji."

Nikamwona mpangaji anainuka. Akaleta maji.

Niliporudi nyumbani chumba cha nyuma kilikuwa kitupu, kimefagiliwa, ufunguo umetundikwa kwenye kitasa. Mzungu wa kona alikuja Jumamosi na drafti yake, akakaa kibarazani akisubiri, mpaka nikamwambia aende. Nilimkasirikia mpangaji kwa kuondoka bila hata tusi. Nilimkumbuka pia, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Niliambiwa yuko Troyeville. Nilikwenda mwaka uliofuata, siku ambayo hali ya mjini ilikuwa shwari, na joho kwenye mfuko wa plastiki na vitumbua kwenye bakuli la kufunika. Alikuwa kwenye chumba cha ghorofani, jiko la umeme la sahani moja, kisanduku cha manukato chini ya kitanda. Alikuwa amekonda. Simu yake ilikuwa inasoma habari za uchaguzi wa kwao na yeye anaitukana, nikafurahi kusikia mdomo bado upo.

"Nimekuletea kitu chako," nikasema.

Akauchungulia mfuko. "Si changu."

"Papa amekushonea wewe."

"Ulinitazama vizuri siku ile? Lilinitosha?" Akausukuma mfuko kwa mguu. "Ni kipimo cha mjomba wangu."

Ndipo akaimalizia hadithi. Mamluki walipoishika nchi, askari wao walizunguka mijini kuwakusanya wanafunzi wa rais kijana. Wa mji wao walipangwa kwenye uwanja ule ule. Wazee wakaambiwa waonyeshe nani alifanya nini. Mjomba akasogea mbele na kanzu tupu, joho halina thamani tena baada ya ufagio. Akasema: "Huyu hajafanya ndoa. Kwetu ambaye hajafanya ndoa ni mtoto. Kosa la mtoto ni la mwenye mtoto, na mwenyewe ni mimi."

"Askari walicheka," mpangaji akasema. "Walipomaliza kucheka wakamchukua yeye. Wakamvunja mguu mbele yangu, hapo hapo alipofagia. Mimi wakaniambia, mtoto, nenda nyumbani. Wenzangu wawili sikuwaona tena."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Kumbe mzee wa watu alikuwa amebeba hili miaka yote huku akituchekesha. Nilimwonea uchungu, na nilimkasirikia kwa ajili ya yule mjomba, vyote kwa pamoja.

"Kwa hiyo ukumbini ungesema nini?" nikamwuliza.

"Ningetaja jina lake. Ningesema nilimvua joho hili mbele ya mji, na mbele ya mji nalirudisha. Basi. Hayo si maneno ya chumbani. Nilimvua mbele ya watu."

"Niambie mimi, basi. Mimi ni mtu."

"Wewe ni mwanamke, tena wa Tanga," akasema. "Na mimi ni mtoto. Tungekuwa tunapiga kelele tu."

Nilitaka kumjibu vibaya sana, lakini nikaona mikono yake, ameipakata magotini kama mtu anayesubiri kutumwa. Nikamwuliza kitu kingine, kwa ukali kidogo, maana sikujua kuuliza kwa namna nyingine.

"Na yeye alikusamehe?"

"Nilikaa kwake miezi kabla sijapanda boti," akasema. "Kila asubuhi alikuwa ananiletea uji mwenyewe, anachechemea, bakuli linamwagika njiani. Hajasema neno. Nikasubiri anisamehe au anilaani, mojawapo. Angesema nini? Mtoto hasamehewi, mwenye nyumba. Analishwa."

Simu ilikuwa bado inasoma matokeo ya kisiwa kimoja kimoja. Nilikuwa nimeshalifunua bakuli la vitumbua bila kufikiri na kuliweka mbele yake. Akalitazama. Kisha akanitazama mimi, akacheka kile kicheko chake kibaya, akanyoosha mkono, akala.